Bangi ya tiba: serikali ipange au soko liamue? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mfamasia, kazi yangu iko Moshi mjini na wateja wetu wengine wanatoka Arusha. Kila redio ikitangaza kwamba nchi fulani imeruhusu bangi kwa matibabu, maswali yanaanza dirishani: mbona wao wanaweza na sisi hatuwezi? Nani anafaidika? Na ikija kwetu, iuzwe kama panadol au kama morfini? Nimeyakusanya hapa yale yanayojirudia. Majibu mengine ni mafupi. Ya bei na leseni ni marefu, kwa sababu huko ndiko mgonjwa na mkulima wanakoumizwa.

Tuanze na sheria. Tanzania inaruhusiwa?

Hairuhusiwi. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima bangi, kuwa nayo, kuisafirisha na kuiuza, na adhabu zake ni miaka mingi jela. Anayesimamia ni Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, DCEA. Watu wa Arumeru hawahitaji kusimuliwa. Operesheni za Kisimiri Juu, mashamba yakifyekwa na kuchomwa moto, zimeonekana hadi kwenye taarifa ya habari. Hakuna daktari wa hospitali ya KCMC wala ya Mount Meru anayeweza kukuandikia bangi, na cheti ulichoandikiwa Johannesburg hakitakulinda ukishuka uwanja wa ndege wa KIA.

Na mafuta ya CBD, yale yasiyolewesha?

Hayana mlango wake wa pembeni. Yanatoka kwenye mmea uleule, na yale yanayouzwa mitandaoni hayajapita TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, yaani hakuna mtu hapa nchini aliyeyapima akasema yako salama.

Bibi mmoja wa Machame aliwahi kuniletea kichupa cha kahawia, mwanawe alikuwa amemletea kutoka nje kwa ajili ya mjukuu mwenye kifafa. Lebo ilikuwa nzuri, ina jani la kijani na maneno ya kusifu. Nikakigeuza nitafute namba ya toleo: hamna. Tarehe ya kuisha muda: hamna. Jina la kiwanda: hamna, ila anwani ya tovuti tu. Bibi akaniuliza, "Daktari, si mitishamba hii? Itamdhuru nini?" Mtoto alikuwa anatumia valproeti, dawa ya kifafa, kutoka kliniki. CBD ikikutana na valproeti inaweza kupandisha vimeng'enya vya ini, dalili kwamba ini huenda linaumia, ndiyo maana nchi zinazoitumia kihalali humpima mtoto damu kabla ya kuanza na baada ya kuanza. Nilimweleza Bibi sheria inasemaje, nikamsihi asiachishe vidonge vya mtoto, arudi kliniki amweleze daktari kila kitu bila kuogopa.

Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 ulinunua mtandaoni bidhaa 84 za CBD na kuzipima maabara. Asilimia 31 tu ndizo zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo. Na bidhaa 18 zilikutwa na THC, kemikali inayolewesha, ambayo mnunuzi hakuwa ameiomba. Hapo ndipo ninapoanzia katika mjadala wote huu: mnunuzi hawezi kujua kilichomo ndani ya chupa kwa kuitazama, kuinusa wala kuionja. Bidhaa ikiwa hivyo, ushindani wa wauzaji peke yake hauleti ubora. Unaleta lebo nzuri zaidi.

Bangi inatibu nini hasa?

Vichache kuliko inavyotangazwa. CBD iliyosafishwa kiwandani, dawa inayoitwa Epidiolex, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa aina mbili za kifafa kikali cha watoto, Dravet na Lennox-Gastaut. THC iliyotengenezwa maabara imetumika kuzuia kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani wanaopewa dawa za kemikali tangu mwaka 1985. Ipo dawa ya kupuliza mdomoni kwa misuli inayokakamaa ya wagonjwa wa sklerosisi (multiple sclerosis), ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo. Kwa maumivu ya muda mrefu, ushahidi upo lakini nafuu yake kwa kawaida ni ya wastani.

Haitibu saratani yenyewe. Haitibu kisukari. Kijana ambaye ubongo wake bado unakua inaweza kumfungulia mlango wa ugonjwa wa akili, na mjamzito asiiguse. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda naye awe macho, kwa kuwa CBD inaweza kuipandisha nguvu mwilini hadi akatokwa na damu.

Soko likiachwa huru, bei si itashuka na kila mgonjwa apate?

Bei inashuka kweli. Tazama Oklahoma, jimbo la Marekani lenye watu kama milioni 4. Juni 2018 wananchi walipiga kura kuruhusu bangi ya tiba kwa masharti mepesi kuliko karibu jimbo lolote: hakuna orodha ya magonjwa, daktari akiona inafaa anasaini, leseni ya biashara dola 2,500, hakuna kikomo cha idadi ya leseni. Ndani ya miaka michache kulikuwa na maduka zaidi ya 2,000, mengi kuliko ya California yenye watu karibu milioni 39, na mashamba ya leseni yakawa maelfu. Mgonjwa wa kipato cha chini alipata bangi kwa bei aliyoimudu, na hilo silipuuzi hata kidogo.

Lakini jimbo zima halikuwa na uwezo wa kumlea mtoto liliyemzaa. Wakaguzi wachache, mashamba maelfu. Kilichozidi mahitaji ya wagonjwa kikavuka mipaka kwa magendo kwenda majimbo ambako bado ni marufuku na bei iko juu. Watu wa nje wakatumia majina ya wenyeji kuchukua leseni. Mwaka 2022, mwezi Agosti, jimbo likasimamisha utoaji wa leseni mpya. Waliofunga milango wa kwanza walikuwa wadogo, waliokuwa wameweka akiba yao yote kwenye nyumba za kioo na taa, wakati wenye mtaji walikuwa na uwezo wa kungoja bei ipande.

Bei ikishuka chini ya gharama ya kupima, kinachokatwa kwanza ni kupima. Nimeliona hilo kwenye dawa nyingine kabisa, na sioni kwa nini bangi iwe tofauti.

Basi serikali ishike kila kitu?

Kwa sehemu, mikataba ya kimataifa inaitaka ishike. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya unasema nchi inayoruhusu kilimo cha bangi ya tiba lazima iwe na wakala wa serikali, wakulima wauze mavuno yao kwake, na wakala ayachukue ndani ya miezi 4 baada ya mavuno. Desemba 2020 nchi wanachama wa tume ya Umoja wa Mataifa walipiga kura 27 kwa 25, mmoja hakupiga, kuiondoa bangi kwenye orodha ya dawa hatari kabisa zisizo na faida ya maana kitabibu. Watu wengi walidhani imehalalishwa dunia nzima. Hapana, imebaki kwenye jedwali la kwanza, pamoja na morfini.

Uholanzi ina ofisi ya serikali inayonunua kutoka kwa mkulima mwenye mkataba na kuuzia maduka ya dawa tangu mwaka 2003. Ujerumani ilifuata njia kama hiyo kwa sheria ya mwaka 2017: wakala wa serikali alinunua mavuno ya ndani, na kuanzia 2021 akawauzia wafamasia kwa yuro 4.30 kwa gramu. Ubora wa namna hii hauna mjadala. Mfamasia anafungua kopo, kiwango cha THC kiko palepale kilipoandikwa, mwezi huu na mwezi ujao, na daktari anaweza kupanga dozi.

Ubaya wake ni foleni na ukame wa dawa. Wakala akikosea hesabu ya mahitaji, hakuna muuzaji mwingine wa kuziba pengo. Ujerumani ililazimika kuagiza nje sehemu kubwa ya mahitaji yake. Uingereza nayo iliruhusu Novemba 2018, ila daktari bingwa pekee ndiye anayeanzisha dawa, na madaktari wa huduma ya umma waliogopa kuandika. Matokeo yake wagonjwa wengi wakaishia kliniki binafsi wanakolipa mfukoni. Sheria ngumu upande mmoja ilimfukuza mgonjwa akaangukia sokoni upande wa pili, bila mtu yeyote kupanga iwe hivyo.

Uruguay wanasimuliwa sana, ingawa yao ni ya starehe zaidi kuliko tiba. Sheria ya 2013, mauzo kwenye maduka ya dawa kuanzia Julai 2017, bei inapangwa na serikali. Walianza na maduka 16 tu, na kilichowabana hakikuwa polisi: benki zilitishia kufunga akaunti za wafamasia kwa kuogopa sheria za Marekani. Ni jambo la kukumbuka kwa yeyote anayedhani sheria ya ndani inatosha.

Kodi je?

Dawa ya mgonjwa isitozwe ushuru wa starehe. Kanada inatoza ushuru wa bangi hata kwa mgonjwa mwenye cheti cha daktari, na vyama vya wagonjwa huko vimelalamika miaka yote. Wako sahihi.

Ikihalalishwa, magendo si yatakwisha?

Yanapungua pale tu bidhaa halali ikiwa inapatikana na bei yake haiko mbali na ya mtaani. California iliweka kodi juu ya kodi, manispaa nyingi zikakataa maduka, na soko la magendo likabaki kubwa. Na magendo yana gharama yake mwilini. Mwaka 2019 Marekani ililipuka na ugonjwa wa mapafu kwa watu waliovuta mvuke wa mafuta kwa sigara za kielektroniki. Kufikia Februari 2020 waliolazwa au kufa walikuwa 2,807, kati yao waliokufa 68. Chanzo kikuu kilikuwa mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye vichupa vya mafuta ya THC, vingi vya mtaani. Aliyechanganya alitaka tu mafuta yaonekane mazito na ya thamani.

Thailand walifungua wakafunga. Kulikoni?

Waliruhusu tiba kwanza, kisha Juni 2022 wakaitoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya kabla bunge halijapitisha sheria ya kusimamia mauzo. Maduka yakafunguliwa kila kona, hasa kwenye miji ya watalii. Juni 2025 serikali ikarudisha sharti la cheti cha daktari, na wenye maduka wakabaki na mzigo mikononi. Kufungua kabla ya kuandika kanuni ni kuwadhulumu hata hao wafanyabiashara.

Wenzetu wa Afrika wamefanyaje? Lesotho si wametajirika?

Lesotho ilitangulia mwaka 2017. Zimbabwe ikafuata 2018, Malawi 2020, Rwanda ikatoa kanuni zake 2021, Moroko nayo 2021 kwa sheria ya kuwatoa wakulima wa milima ya Rif gizani. Kila nchi ilikuja na hesabu zake, lakini karibu zote zililenga kitu kimoja: kuuza nje, fedha za kigeni.

Zimbabwe iliweka leseni ya dola 50,000 kwa miaka 5. Piga hesabu kwa shilingi, ni zaidi ya milioni 100, na hujanunua hata mbegu. Halafu mnunuzi wa Ulaya anataka cheti cha uzalishaji wa dawa cha Ulaya, maana yake jengo lililofungwa, hewa iliyochujwa, maabara, mlinzi, kamera, na kumbukumbu ya kila mmea. Lesotho ilipata kampuni yenye cheti hicho mwaka 2021, na waliofika huko ni wenye mitaji ya kigeni. Mkulima wa Lesotho aliyelima bangi tangu enzi za babu yake alibaki nje ya uzio, au akawa kibarua ndani yake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mgonjwa wa nchi yenyewe hayumo kwenye mpango. Bangi inapandwa, inavunwa, inakaushwa, inapaa na ndege, na mama mwenye saratani kijijini jirani na shamba hapati chochote. Soko limefanya kazi yake, limefuata penye fedha. Serikali ndiyo iliyopaswa kusema, kabla ya kilo ya kwanza kuondoka, hospitali zetu zibakiziwe ngapi.

Moroko walau walijaribu kitu kingine: leseni zinapita kwa wakulima wa mikoa iliyotajwa kwenye sheria, tena kupitia ushirika, na wakala wa taifa anasimamia mikataba yao na viwanda. Nchi zinazotaka kuiga wenzao wa Afrika ziangalie huko kwanza.

Mkulima wa Kisimiri au wa Same angepata nini?

Leo akilima anapata kesi. Hilo niliseme wazi, asije mtu akasoma hapa akakimbilia shambani.

Ila nikiulizwa ingekuwaje, huwa nawakumbusha watu wa Kilimanjaro kahawa, kwa kuwa tumekwisha kuyapitia yote. Tulikuwa na KNCU tangu 1933, ushirika ukakusanya, ukapanga daraja, ukauza. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vya ushirika, mamlaka za mazao zikachukua nafasi, malipo yakachelewa na wakulima wakakata tamaa. Katikati ya miaka ya 1990 soko likafunguliwa: wanunuzi binafsi wakaja hadi kibarazani na fedha taslimu. Mkulima alifurahi, alilipwa siku hiyohiyo. Lakini mnunuzi alibeba nzuri na mbaya kwenye gunia moja kwa bei moja, na aliyeosha na kuanika vizuri hakuona tofauti, akaacha kujisumbua. Baadaye serikali ikabana tena, mnada wa Moshi ukawa njia ya lazima kwa kahawa nyingi, na 2018 wanunuzi binafsi wakaondolewa vijijini, kahawa ipite kwa AMCOS, vyama vya ushirika vya msingi.

Kila zamu ilikuwa na wema wake na kidonda chake. Ninachokiona mimi ni kwamba mkulima alifaidi pale vitu viwili vilipokuwepo kwa pamoja: mtu asiye mnunuzi anayepanga daraja, na wanunuzi zaidi ya mmoja wanaogombania hilo daraja. Kimoja kikikosekana, analiwa.

Kwani mirungi si halali Kenya?

Ni halali Kenya, ni marufuku kwetu, na mpaka wa Namanga uko palepale. Sheria mbili tofauti pande mbili za barabara moja huwapa walanguzi kazi. Bangi ya tiba ikija Afrika Mashariki, nchi zisikae kila moja kivyake.

Je, waganga wa tiba asili wangeweza kuiuza?

Kwa sheria ya sasa hapana. Usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala haumpi mtu ruhusa juu ya mmea uliokatazwa na sheria nyingine.

Ingekuwa wewe unaandika kanuni, ungeandika nini?

Ubora usiachiwe soko hata siku moja. Kila toleo lipimwe na TMDA au maabara inayoitambua, THC na CBD ziandikwe kwa miligramu, ukungu, dawa za kuulia wadudu na madini mazito vipimwe, na muuzaji asiwe ndiye anayempa mpimaji kazi. Dawa itoke kwa mfamasia aliyesajiliwa, kwa cheti cha daktari, na iandikwe kwenye daftari la dawa zinazodhibitiwa. Sisi tunalo daftari hilo tayari, pamoja na kabati la kufuli mbili: jina la mgonjwa, jina la daktari, kiasi kilichotoka, kiasi kilichobaki, sahihi. Mkaguzi akija anahesabu vidonge na mstari wa mwisho lazima ulingane. Si kazi ngumu. Maduka ya dawa muhimu yasiiuze mwanzoni. Yameleta dawa karibu na watu wa vijijini tangu yaanzishwe Ruvuma mwaka 2003, lakini hayakuundwa kwa dawa za aina hii.

Idadi ya wakulima na viwanda, hapo ningelegeza kamba. Ofisa akipewa mamlaka ya kutoa leseni 5 nchi nzima, leseni hizo zitakuwa na bei yake ya chini ya meza. Weka masharti, yaandike hadharani, na yeyote anayeyatimiza apewe, mmoja mmoja au kwa ushirika. Ada ilingane na ukubwa wa shamba.

Bei ndiyo ngumu. Bei moja ya kulazimisha hukausha rafu, tumeiona kwenye bidhaa nyingi enzi za maduka ya kaya. Bei huru kwa dawa ambayo mgonjwa hana mbadala nayo humkamua. Epidiolex ilipoingia sokoni Marekani gharama yake ilikuwa kama dola 32,500 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Ningechukua njia ya mafuta ya gari: bei kikomo inayopitiwa kila baada ya muda, chini yake wauzaji washindane. Na kwa hospitali za umma, Bohari ya Dawa inunue kwa jumla kwa mikataba ya wazi. Mnunuzi mkubwa akiwa na nidhamu hushusha bei kuliko amri.

Tena sehemu ya kila mavuno itengwe kwa wagonjwa wa ndani kabla ya kibali cha kusafirisha. Bila kipengele hiki nisingesaini.

Mgonjwa wetu yuko nyumbani na maumivu makali ya saratani sasa hivi. Tusubiri sheria ibadilike?

Msisubiri. Kwa maumivu makali ya saratani morfini ina ushahidi mkubwa kuliko bangi, ni halali hapa nchini ikiandikwa na daktari, na ya maji ni rahisi kumnywesha hata asiyeweza kumeza vidonge. Kuna watu wanaoikataa wakidhani ni dalili kwamba mgonjwa ameshaachwa afe, au kwamba atakuwa teja. Akipewa kwa dozi ya daktari kwa ajili ya maumivu, hofu hiyo isiwazuie. Mtayarishie na dawa ya kulainisha choo, kwa sababu morfini hufunga tumbo na familia nyingi huacha kumpa mgonjwa kwa tatizo hilo linalozuilika.

Moshi, nendeni KCMC mkaulize huduma ya tiba shufaa, ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa. Arusha, hospitali ya Selian ina timu ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiwafuata wagonjwa hadi majumbani. Bebeni karatasi zote za vipimo na dawa zote anazotumia, hata za mitishamba, na mwambieni daktari maumivu yanaanza saa ngapi na yanamzuia kufanya nini. Wafamasia wengi wa mtaani hatuweki morfini dukani, kwa hiyo msizunguke kuitafuta madukani, anzieni hospitali.